Flashi ya "2TB" imemeza harusi: tuelewane kompyuta inatunza vitu wapi

Fundi Katubuka (mleta uzi)

Wakuu, za jioni.

Jana asubuhi nimefungua kibanda hapa Mwanga, Kigoma, hata chai sijanywa, akaingia dada mmoja na flashi kaifunga kwenye leso. Imeandikwa 2TB kwa rangi ya dhahabu. Kainunua stendi kwa shilingi elfu kumi na tano, humo kaweka picha na video zote za harusi ya mdogo wake. Nikaichomeka. Folda ipo, majina yapo, ukubwa wa kila faili umeandikwa. Maharusi wanatoka saluni: inafunguka. Msafara wa magari na matarumbeta: inafunguka. Bibi harusi anaingia mlango wa kanisa: inafunguka nusu, inaganda. Kuanzia hapo hakuna kitu. Kiapo, pete, keki, kamati inavyocheza, vyote vina majina na GB zake, ila ukibofya kompyuta inasema haiwezi kufungua.

Dada akaniuliza, "Kaka, si yanaonekana haya? Mbona hayafunguki?"

Nikaona nikimjibu yeye peke yake, wiki ijayo nitajibu swali hilihili kwa mwingine. Ndiyo maana naleta uzi. Wajuzi mtanisahihisha, ila naomba tusirushiane lugha za vitabuni, huu ni uzi wa anayeanza.

Shika kitu kimoja kwanza. Flashi, memori kadi, hadidiski, hata simu yako: kila kimoja ni ghala lenye karani. Ndani kuna magunia, mlangoni kuna karani na daftari lake. Ukifungua folda ukaona majina ya faili, bado hujaona magunia. Umeonyeshwa daftari.

Gunia lenyewe ni nini? Kompyuta haijui picha wala wimbo. Inajua hali mbili tu, ipo au haipo, tunaziandika 1 na 0. Alama moja ya namna hiyo inaitwa biti. Biti nane zinafanya baiti moja, na baiti moja inatosha kubeba herufi moja ya kawaida. Neno Kigoma lina herufi sita, ni baiti sita. Kilobaiti ni kama elfu moja, megabaiti (MB) ni milioni, gigabaiti (GB) ni bilioni, terabaiti (TB) ni trilioni. Picha moja ya simu za siku hizi ni MB tatu mpaka tano hivi. Video ndiyo mlafi.

Sasa turudi kwenye flashi ya dada. Ndani yake kuna vipande viwili vya maana. Kimoja kinabeba data. Kingine, kidogo, ndicho kinachojibu kompyuta ikiuliza "una nafasi kiasi gani?" Huyo wa pili ndiye karani. Kwenye flashi feki karani amefundishwa aseme 2TB wakati ghala ni la GB 8. Kompyuta haina dirisha la kuchungulia, inamwamini. GB 8 za mwanzo zinaingia kweli. Zikijaa, karani anaendelea kuandika daftarini "limepokelewa", gunia analitupa nje. Ndiyo maana harusi imeishia mlangoni mwa kanisa. Kuna nyingine zikijaa zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vya zamani, hizo ndizo mbaya kupita zote, maana unakosa mwanzo na mwisho.

Na bei ilikuwa inajisema yenyewe. 2TB ya kweli hainunuliwi kwa hela ya sahani chache za ugali migebuka.

Nahudumia mteja, narudi.

Tabora Njia Panda

Nimeweka kambi hapa. Mpiga picha hana nakala?

Fundi Katubuka

Mkuu, mpiga picha keshafomati kadi, kaenda nayo kwenye harusi nyingine. Na dada kwenye laptopu yake hakukopi, alikata akabandika, eti laptopu ipumue. Yaani kila kitu kilibaki kwenye ile flashi tu. Ila hapo kwenye laptopu kuna tumaini kidogo, nitalieleza nikitulia. Nimemwambia aizime, asiiguse, aniletee.

Binti Ujiji

Shikamooni humu. Naomba msinicheke. Simu yangu dukani waliniambia ina GB 4 na GB 64. Sasa kila nikitaka kupiga picha inaandika nafasi imejaa. Jirani kaniambia RAM ndogo, niiongeze. Nimpe hela?

Fundi Katubuka

Marahaba dada. Usimpe hata mia.

Piga picha mama lishe pale Kibirizi. Ana meza ya kukatia vitunguu, na nyuma ana stoo. GB 4 ni meza, ndiyo RAM. GB 64 ni stoo. Kitu unachokitumia sasa hivi, WhatsApp uliyoifungua au wimbo unaopiga, kinatolewa stoo kinawekwa mezani ili mikono ikifikie upesi. Meza ikiwa ndogo simu inakwama na programu zinajifunga zenyewe, lakini haisemi nafasi imejaa. Inayosema imejaa ni stoo. Futa zile video za magrupu ya WhatsApp, au hamishia picha sehemu nyingine. RAM ya simu imegandishwa ndani kiwandani, haiongezwi kama kitunguu.

Tofauti kubwa ya meza na stoo ni umeme. RAM inashika kila biti kwa chaji ndogo mno ya umeme, na chaji hiyo inavuja, kwa hiyo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikata, meza inapanguswa. Waliowahi kuchapa barua ya kazi kurasa mbili bila kuhifadhi, taa zikazima ghafla, wananielewa. Barua ilikuwa mezani, haijafika stoo. Stoo haina shida hiyo, inakaa hata ukiizima mwezi mzima.

Mwalimu wa Fizikia

Fundi, umeeleza vizuri, ila umepita haraka kwenye hizo namba na ndipo watu wengi wanapodhani wameibiwa. Nilinunua hadidiski ya 1TB, kompyuta ikaandika GB 931. Nilitaka kuirudisha dukani.

Sababu ni hesabu tu. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, 1TB ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa kuwa kompyuta inaenda kwa mbilimbili na 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi ni 1,024. Gawanya ile trilioni kwa 1,024 mara tatu, unapata 931. Baiti ni zilezile, kipimo ndicho tofauti, kama muuzaji anayepima kwa kisado na mnunuzi anayepima kwa debe. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme lilitoa majina mengine ya kipimo cha 1,024, kibibaiti, mebibaiti na wenzake, ila Windows imeendelea kuandika GB. Kompyuta za Apple zilihamia kwenye maelfu mwaka 2009.

Kwa hiyo flashi ya GB 32 ikionyesha 29.8 ni halali. Ya 16 inaonyesha 14.9.

Fundi Katubuka

Mwalimu, hapa nakiri mbele ya wote. Miaka yote nimekuwa nawaambia wateja kwamba kilichopungua ni "programu za ndani ya flashi". Kwenye simu ni kweli, mfumo wenyewe unakula nafasi. Kwenye flashi tupu nilikuwa najibu tu ili mteja aondoke. Asante.

Mzee wa Migebuka

Vijana mnalalamika na GB. Sisi ofisini tulitumia diski laini, zile za mraba, MB 1.44 basi. Barua zote za mwaka zilienea, tena nyingine zikabaki tupu. Ukiisogeza karibu na sumaku ya spika umekwisha.

Mwalimu wa Fizikia

Shikamoo mzee wangu. Tena wewe ulikuwa tajiri. Mwaka 1956 IBM walitoa kompyuta iliyoitwa RAMAC, yenye hadidiski ya kwanza kuuzwa. Sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zimepangwa juu kama chapati kwenye hotipoti. Mzigo mzima uzito wake kama tani moja. Ilibeba herufi milioni tano. Leo hiyo ni picha moja ya simu ya Binti Ujiji.

Mzee wa Migebuka

Marahaba. Hiyo hata meli ya Liemba ingepakia kwa winchi.

Mwana wa Kasulu

Fundi, mimi nina flashi GB 64, halali, nilinunua dukani na risiti. Ipo tupu kabisa. Nikiweka muvi ya GB 5 inagoma, inasema faili ni kubwa mno. Muvi kumi za GB moja moja zinaingia. Uchawi gani huu?

Fundi Katubuka

Shida ni daftari, mkuu. Karani ana aina tofauti za madaftari, na kufomati ni kumpa karani daftari jipya la aina unayotaka. Yako bila shaka ina daftari la zamani liitwalo FAT32. Kwenye daftari hilo safu ya kuandikia ukubwa wa faili ina biti 32 tu, kwa hiyo faili moja haiwezi kufika GB 4. Ghala linaweza kuwa wazi lote, gunia moja likizidi hapo halina pa kuandikwa.

Toa vitu vyako kwanza, halafu bofya kulia kwenye flashi, chagua kufomati, weka daftari la exFAT. Itameza muvi yako. Tahadhari tu: redio za gari na sabufa nyingi za mtaani zinajua FAT32 peke yake, ukiweka exFAT hazitaisoma. Ya muziki iache ilivyo.

Na kwa kuwa umegusa, wale wa "folda zangu zote zimegeuka shotikati" baada ya kuprinti stesheneri: ni kirusi, faili zako zimefichwa tu, hazijafutwa. Usifomati kwa hasira. Lete kwa fundi au pitisha antivirusi kwanza.

Nipo Kimya

Leo nimeongea. Natafuta laptopu iliyotumika, nazunguka nayo vijijini kwa bodaboda, Kasulu mpaka Kibondo. Muuzaji mmoja ana yenye hadidiski 500, mwingine ana SSD 256, bei moja. Akili inaniambia 500.

Fundi Katubuka

Akili yako inahesabu magunia, haiangalii barabara.

Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya sahani kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, unaelea karibu mno na sahani bila kuigusa, nafasi yake ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Sasa ifunge mgongoni, panda bodaboda kabla haijazima vizuri, mtikisiko mmoja kichwa kinakwaruza sahani. Kilichokwaruzwa hakirudi. Nikisikia hadidiski inalia ta-ta-ta kama saa mbovu, huwa namwambia mteja zima sasa hivi, maana kila dakika inayozunguka inazidi kujichuna.

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu tupu, inashika chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo hata ikizimwa, ni teknolojia ileile ya flashi aliyoibuni Fujio Masuoka kule Toshiba, Japani, miaka ya 1980. Tofauti na flashi ya mfukoni ni ubora wa chipu na ukali wa karani. Hadidiski ya laptopu inasoma MB mia moja hivi kwa sekunde ikiwa nzima. SSD ya kawaida ya waya wa SATA inafika 500 na ushee. Laptopu kuukuu niliyoibadilishia SSD wiki iliyopita mwenyewe alidhani nimempa mashine ya mtu mwingine.

SSD nayo haina umilele. Kila kijumba kina idadi ya mara kinavyoweza kuandikwa kabla ya kuchoka, na ikiamua kufa haitoi mlio wowote, unaamka asubuhi haionekani. Ukiiweka kabatini bila umeme miaka mingi, chaji zinaweza kuvuja. Kwa kazi ya kuzunguka chukua 256. Kwa kuweka mizigo isiyosogea nyumbani, hadidiski bado ina bei nzuri.

Tabora Njia Panda

Fundi, flashi nikiwa dukani naijuaje feki? Muuzaji hawezi kuniruhusu nijaze vitu.

Fundi Katubuka

Dukani ni bei na risiti tu, mkuu, kupima ni nyumbani siku hiyohiyo. Kuna programu za bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Zinafanya kitu kimoja, zinajaza flashi yote kwa data zinayoijua, halafu zinasoma tena kuangalia kama iliyotoka ndiyo iliyoingia. Zinahesabu magunia, haziulizi karani. Ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kujaza tu ni karibu saa mbili kasorobo, na kusoma juu yake. Ya dada, kama ingekuwa kweli 2TB kwa spidi hiyo, ni saa 55. Ningefunga kibanda siku mbili nikiitazama.

Binti Ujiji

Fundi umetuahidi habari za laptopu ya dada. Tumekesha.

Fundi Katubuka

Kaileta leo saa nne. Ni ya hadidiski, na hiyo ndiyo bahati yake.

Unapofuta kitu, kompyuta haiendi ghalani kubeba gunia kulitupa. Karani anafuta mstari daftarini, anaandika "hapa pako wazi". Gunia linabaki palepale mpaka lije jingine likae juu yake. Ndiyo maana kufuta muvi ya GB 2 kunachukua sekunde moja wakati kuikopi kulichukua dakika. Hata kufomati kwa haraka ni daftari jipya tu. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya, acha kutumia. Usipakue hata programu ya kurudishia kwenye diski hiyohiyo, maana itakaa juu ya ulichokuwa unakitafuta. Kwenye SSD mambo ni tofauti: mfumo unaipa taarifa kwamba sehemu fulani imefutwa, nayo inasafisha yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Hapo hata mganga hawezi.

Nimechomoa hadidiski, nimeichomeka kwenye mashine yangu kwa kasha la USB, nikachukua nakala yake nzima kwanza, ndipo nikaendesha PhotoRec, programu ya kurudishia faili, kwenye ile nakala. Hii haisomi daftari kabisa. Inapita ghalani gunia kwa gunia ikinusa. Kila picha ya JPEG inaanza na baiti zilezile, FF D8, kwa hiyo ikikutana nazo inajua picha inaanzia hapa.

Tatizo ni video. Faili kubwa haikai sehemu moja, inakatwa vipande vidogo, kwa kawaida kilobaiti 4 kila kimoja, na diski ikiwa imejaajaa vinatawanywa penye upenyo. Daftari ndilo lenye kujua kipande cha pili kiko wapi. Wenyeji wa hapa mnaijua historia ya Liemba: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja Kigoma kwenye masanduku 5,000, ikaunganishwa tena hapa ziwani. Sasa fikiria masanduku yamefika yote lakini karatasi ya namba imepotea, na kuna watu wameshachukua masanduku kadhaa kuwekea mchele. Ndiyo kazi niliyonayo. Dada alishaweka tamthilia wiki mbili kwenye hiyo laptopu baada ya kukata zile video.

Mwana wa Kasulu

Daah, tamthilia imekaa juu ya kiapo.

Mwalimu wa Fizikia

Mkimaliza mwambieni kuhusu nakala. Wapiga picha wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, picha za kiapo tu zingeenea.

Fundi Katubuka

Nimemwambia mwalimu, ila kwa bando hili video za harusi hazipandi mawinguni leo wala kesho. Tumekubaliana hivi: hadidiski ya nje moja akae nayo, nyingine apelekewe mdogo wake aliyeolewa Tabora, picha nzuri hamsini ziende Google. Na neno "kata" asahau kabisa, akopi, afungue nakala aione inacheza, ndipo afute.

Binti Ujiji

Na video?

Fundi Katubuka

Mashine imemaliza saa mbili usiku. Picha zimerudi 412, majina hamna, zimepewa namba tu, dada atakaa azipange. Video zimerudi tatu. Keki ni nzima. Kamati inacheza, sauti ipo, picha ni vigae vya kijani.

Kiapo kinacheza dakika nne na sekunde kumi. Mchungaji anauliza, bwana harusi anaitikia, bibi harusi anaanza kunyoosha mkono wa pete, halafu anatokea mtu mwingine kabisa kakaa kwenye sofa anaongea Kituruki.

Dada kacheka mpaka kakaa chini. Kaniomba nimkopie hivyohivyo ilivyo, nisikate.